Vidole vya Kuazima

Damu ndiyo iliyotaka kumuumbua Gololi. Alikuwa ameinama kwenye meza yake ya kazi, anakata mrija wa grisi kwa wembe huku akipiga mluzi, mara mwenye duka akapita nyuma yake na kusimama.

"Wewe, mbona damu imekufika kwenye kiwiko?"

Gololi akautazama mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa mkono wa jirani. Kidole cha shahada kilikuwa kimechanika, damu imechora mstari mpaka kwenye shati, na yeye hakuwa amesikia kitu. Akacheka. Angefanya nini kingine?

"Mkwaruzo tu, bosi."

"Mkwaruzo huo utanichafulia difu za watu. Kanawe."

Akaenda bombani. Kama maji yalikuwa ya baridi au ya moto, hakujua. Alisimama pale roho inamwenda mbio, maana siri aliyoificha kwa miezi ilikuwa imetoka nje mchana kweupe, na bahati yake ni kwamba bosi aliona damu, hakuona ganzi.

Sasa tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Duka lile liliuza na kutengeneza magari ya rimoti, yale ya mashindano, na ng'ambo ya ukuta wake kulikuwa na uwanja wa udongo wenye kona na vilima vya kurukia. Wasiojua huyaita magari ya watoto. Watoto gani! Ukifika pale siku ya mashindano unakuta wanaume wazima na vitambi vyao wamejipanga juu ya jukwaa, rimoti mkononi, jasho linawatiririka, na anayeshindwa hamsemeshi mwenzake wiki nzima. Gari lenyewe linaenea kwenye boksi la viatu, lakini lina kila kilichomo kwenye gari kubwa, difu ikiwemo.

Difu ndiyo inayoyaacha magurudumu mawili yapishane mwendo kwenye kona bila kugombana. Iko ya gia, hiyo yeyote mwenye bisibisi anaifunga. Ya gololi ni habari nyingine. Ni duara la plastiki lenye matundu, kila tundu limekaa kagololi kasikozidi punje ya mtama, na zote zimebanwa katikati ya sahani mbili za chuma kwa skrubu moja na springi moja. Ukikaza mno, gari linakataa kona. Ukilegeza, difu inateleza, inapata moto, plastiki inayeyuka. Chembe moja ya vumbi ikiingia, sahani zinachubuka na kazi yote imekwenda na maji. Wala hakuna kipimo cha kukuambia kwamba hapa panatosha. Unashika huku na huku, unazungusha taratibu, vidole vinakuambia. Vidole vya bwana huyu vilisema kweli miaka mingi kiasi kwamba hata jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau, akabaki Gololi.

Vidole hivyo ndivyo vilivyokufa ganzi.

Yeye na mkewe walikaa chumba kimoja uani kwa duka, na chumba kilikuja na kazi: anayefunga difu analala humo, asiyefunga anahama. Mkewe alikuwa msusi. Kiti cha wateja wake kilikaa karibu na dirisha, meza ya mumewe upande wa pili, na kitanda kikawatenganisha.

"Nina jambo nataka kukuambia, lakini usipige kelele," Gololi alimwambia jioni ile, kidole kimefungwa kitambaa.

"Umeoa?"

"Acha utani, mke wangu."

"Basi sema. Unanitisha."

Akamnyooshea mikono. "Haisikii."

Mkewe akamfinya ncha ya kidole. "Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?" Akafinya tena, akafinya kwa kucha, mpaka alama za kucha zikabaki kwenye ngozi. Gololi alikuwa akimtazama usoni tu, akisubiri kuambiwa kama ameshafinywa. Hapo mama wa watu akaacha kucheka.

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Wamepima sukari, hakuna. Daktari akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akatabasamu. 'Magari ya watoto?' Nikachukua vidonge vyangu nikaondoka."

"Umeondoka! Hukukaa umuulize?"

"Nimuulize nini, wakati ugonjwa wenyewe naujua? Baba alianza hivi hivi. Viatu vilimtoka miguuni akiwa anatembea, hana habari. Ni kitu cha ukoo. Kinatupata sisi."

"Na bosi akijua?"

"Akijua leo, kesho kitanda hiki kiko barabarani. Ameshaagiza difu za gia kwa wateja wote. Ananivumilia kwa ajili ya mkandarasi peke yake, maana yule hataki hata kusikia habari za gia."

Mkandarasi alikuwa ndiye mteja mkubwa wa duka, mtu wa majengo, mwenye magari manne ya rimoti na kelele za watu kumi. Mkewe Gololi akavigeuza viganja vyake, akavitazama.

"Vidole hivi vinagawa nywele za mtoto mchanga na hata hashtuki usingizini," akasema. "Hizo gololi zako zina nini cha ajabu? Nifundishe."

Gololi akamwambia bosi kwamba kule chumbani kuna mwanga mzuri zaidi, akaruhusiwa kuhamishia kazi ya difu huko. Wakawa wanakaa wawili mezani mchana, dirisha limefungwa kwa komeo, kitambaa kimesokomezwa chini ya mlango. Vumbi la uwanjani lilikuwa adui wao wa kwanza. Joto lilikuwa la kufa mtu, lakini upepo ukiingia na vumbi limeingia, basi wakavumilia.

Kila difu ilianza kwa kuoshwa. Sahani na gololi ziliwekwa kwenye bakuli, wakazimiminia dawa ya kuoshea, wakazisugua kwa vidole vitupu, kwa sababu glovu huacha nyuzi na huziba hisia. Zamani duka lilinunua dawa hiyo kwenye vikopo. Tangu mwaka uliopita bosi alikuwa akiileta kwenye dumu lisilo na nembo, kutoka kwa mtu wake wa kiwanda cha viatu, na alijisifu nayo sana: inakata grisi mara moja, na ni nyingi hata ukiogea. Harufu yake ilikuwa kama ya petroli lakini tamu tamu. Mkewe Gololi alisema inalewesha. Akimaliza kuosha alikuwa akijilaza kidogo mpaka kichwa kitulie.

Siku ya kwanza alipoishika difu iliyofungwa, Gololi alimtazama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Zungusha polepole. Unasikia nini?"

"Mchanga. Kama mchele ulioachwa na changarawe."

"Haya fungua. Tuoshe tena."

Wakafungua, wakaosha, wakapaka grisi nyembamba, wakafunga. Akazungusha tena, macho ameyafumba.

"Sasa?"

"Eh! Mbona inateleza hivi? Kama mafuta juu ya maji."

"Kaza robo ya robo. Hapo. Sasa?"

"Inabisha kidogo, halafu inakubali."

Gololi akageuza uso ukutani. Alitaka kulia kwa furaha na kwa uchungu pia, maana maneno yale yalikuwa yake, alikuwa ameyasikia kwenye vidole vyake kwa miaka, na sasa anasimuliwa.

Ikafanya kazi. Ikafanya kazi vizuri mno, na labda hilo ndilo lililowaponza. Mkandarasi akashinda mara ya kwanza na ya pili, akaja dukani akampiga Gololi bega. "Mikono yako siku hizi ni ya malaika!"

Gololi akampelekea mkewe salamu hizo.

"Mwambie malaika anaomba feni," mkewe akajibu, huku akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Gololi alikuwa na dada, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Kila baada ya wiki chache alikuja kusukwa, na safari ile alikaa kitini akijishikashika kichwa, kioo mkononi.

"Wifi, hapa umenisuka au umenifunga mzigo? Hebu tazama mstari huu. Ulianza vizuri, halafu umekata kona umekwenda wapi?"

"Kichwa chako ndicho kina kona, wifi."

"Kichwa hiki hiki ulikisuka mwaka jana nikasimamishwa barabarani na watu. Sasa umenivuta huku, umelegeza huku. Nitalala upande gani?"

"Nimechoka tu. Njoo kesho nikurudie."

"Na wewe kaka, mtazame mkeo. Juzi nimemwona anatoka bombani na kandambili moja. Nyingine imebaki kwenye tope, mwenzangu anakwenda zake na ndoo, hana habari, kifua mbele!"

Wakacheka wote watatu, na mkewe Gololi akacheka kuliko wote. Gololi naye alicheka hadi machozi. Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza na kufikiri, lakini mtu aliyepata nafuu hapendi kuichunguza nafuu yake. Wateja wa kusuka walianza kupungua, Gololi akasema ni mambo ya msimu. Kikombe kilivunjika, kingine kikavunjika, akasema vikombe vya siku hizi ni vyepesi.

Halafu mkewe akaanzisha mtindo mpya. Akishazungusha difu vidoleni, aliisogeza mdomoni, akaigusisha mdomo wa chini, akaizungusha pale.

"Unafanya nini?"

"Mdomo unasikia zaidi. Jaribu uone."

"Unaibusu difu ya mkandarasi? Mkewe akisikia je?"

"Mkewe aje tufunge naye. Ananikuta hapa."

Jumapili ya mashindano makubwa ilikaribia, yale yaliyoleta watu kutoka miji mingine. Bosi akamwita Gololi pembeni, akafunga mlango wa stoo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa bosi yule ulitisha kuliko ukali wake.

"Gololi, mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini fundi wa gia ameshapatikana, na anataka chumba. Mkandarasi akishinda Jumapili, nitamwambia asubiri, kwa sababu wateja wote watarudi kwenye gololi. Gari likifia uwanjani, usinilaumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Basi funga difu ya maisha yako."

Wakaifunga Jumamosi mchana. Komeo la dirisha, kitambaa cha mlangoni, bakuli, dumu. Hawakutaniana. Mkewe aliosha kila kitu mara mbili, akapanga gololi moja moja kwa kibano, na mbili zilimponyoka zikaviringika chini ya kitanda. Gololi akapiga magoti akazitafuta kwa tochi, akazirudisha bakulini. Alipokwisha kufunga, akampa.

Mkewe akaizungusha vidoleni. Akaipeleka mdomoni. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Vipi?"

"Laini."

"Una hakika?"

"Nimesema laini. Unataka nikuimbie?"

Gololi akaipeleka.

Uwanja ulijaa. Gari la mkandarasi lilianza la tatu, likawa la pili, na kwenye kona ya mwisho ya kila mzunguko lilikata kwa ndani kama lililochorewa njia. Lilipochukua uongozi, mkandarasi alipiga yowe kule jukwaani, na Gololi aliyesimama kwenye kamba ya kuzuia watazamaji akajikuta anamwomba Mungu kwa sauti. Likatoka kwenye kona, likapiga kilima, likatua. Mota ikalia kwa nguvu na gari likabaki pale pale. Ililia tena, sauti ya juu, ya kukereketa, magurudumu yanasitasita. Wengine wakalipita mmoja baada ya mwingine. Harufu ya plastiki iliyoungua ikafika mpaka kwenye kamba.

Mkandarasi alishuka jukwaani bila kusema na mtu. Akalifungua gari mwenyewe juu ya meza, mbele ya watu wote, akaitoa difu ingali ya moto, akamtia Gololi kiganjani.

"Izungushe."

Gololi akaizungusha. Watu walikuwa wamewazunguka, na bosi alikuwa katikati yao.

"Unasikia nini?"

Kilichokuwa mkononi mwake kingeweza kuwa jiwe au kipande cha mkate. Ikabidi akisie. "Nasikia mchanga."

"Anasikia mchanga!" Mkandarasi akawageukia watu. "Huu si mchanga, hii ni kokoto, hata jongoo angeisikia! Na jana ulipoifunga ulikuwa wapi?"

Gololi akapiga hesabu. Kama alisikia, basi alimpa mtu difu mbovu makusudi. Kama hakusikia, basi amekwisha. Alikuwa anatafuta njia ya tatu, haikuwepo.

Bosi alikuwa akiitazama ile difu. Ilikuwa imetoka kwenye moto, mkandarasi mwenyewe alikuwa anapuliza vidole vyake, na Gololi bado ameikumbatia kiganjani, ngozi inaanza kuwa nyekundu. Bosi akakumbuka kitu.

"Ile siku ya damu," akasema taratibu. "Tazama kule jukwaani, Gololi."

Gololi akatazama kule. Akasikia mtu mmoja anacheka kidogo halafu ananyamaza.

"Nimefanya nini?" bosi akauliza.

"Bado hujafanya kitu."

Alipogeuka, ncha ya bisibisi ndogo ilikuwa imesimama kwenye kidole chake gumba, na tone la damu limeizunguka. Hakuna aliyecheka tena. Mkandarasi akatazama chini, akaanza kukusanya skrubu zake.

"Mwisho wa mwezi nakihitaji kile chumba," alisema bosi. Akaichomoa bisibisi, akaifuta kwenye suruali.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, hana mteja. Hakuuliza kitu, kelele za uwanjani zilikuwa zimemfikia. Gololi akakaa mezani, akaifungua difu kwa bisibisi, kwa shida, akiifuata skrubu kwa macho. Sahani zilikuwa zimechimbika duara zima. Gololi moja ilikuwa na ufa, na mabaki yake yamekaa kwenye grisi. Hata kwa macho yaonekana.

"Njoo uone," akamwambia.

Mkewe akaja, akaona.

"Hii ilikuwa na ufa tangu jana," Gololi akasema. Hakuwa amepandisha sauti. "Labda ni moja ya zile zilizoanguka. Mimi sikuweza kuisikia, sawa. Lakini wewe, mke wangu? Ulisikia nini jana?"

"Nilikuambia. Laini."

"Hii?"

Mkewe akavuta kiti, akakaa. Akaiweka mikono yake juu ya meza, karibu na bakuli, viganja juu.

"Siku hizi kwangu kila kitu ni laini," akasema.

Gololi hakuelewa kwa mara ya kwanza. Kisha akaelewa. Akaushika mkono wa mkewe, akamfinya kidole kwa kucha kama alivyofinywa yeye. Mkewe alikuwa akimtazama usoni tu, anasubiri kuambiwa.

"Tangu lini?"

"Tangu wifi alipoanza kelele za nywele. Nikahamia mdomoni. Sasa mdomo nao umeanza."

"Na hukuniambia!"

"Wewe uliniambia mapema? Ningekuambia ukafanyeje, ukaazime vidole vya nani? Nilisema tupite Jumapili hii tu."

"Lakini mke wangu, hiki kitu ni cha ukoo wetu, kinatupata si..."

Akaishia hapo. Mkewe alikuwa amemkazia macho.

"Mimi si wa ukoo wenu," akasema.

 Kisha macho yao yakashuka pamoja chini ya meza, kwenye dumu lisilo na nembo. Kutoka hapo yakaenda kwenye bakuli lenye dawa ya jana, kwenye kitambaa cha mlangoni, kwenye dirisha. Ile harufu tamu ilikuwepo pale muda wote, ila walishaizoea. Daktari aliuliza kazi gani, Gololi akaona anadharauliwa, akaondoka na hasira zake. Angekaa kidogo tu. Angesema tu, naosha kwa kitu fulani, kiko kwenye dumu.

"Mimi ndiye niliyekukalisha hapa," akasema.

"Nilikuja mwenyewe. Fungua dirisha."

Akaenda dirishani. Komeo lilikuwa dogo, na vidole vyake viliteleza juu yake, vikalipapasa, vikalikosa. Mkewe akamsogeza pembeni, akajaribu yeye. Naye akalikosa. Wakasimama pale, fundi wa difu na msusi, mikono minne imelizonga komeo moja kama watu wanaogombania kitu, mpaka Gololi alipolipiga kwa kiwiko na dirisha likafunguka kwa kishindo.

Upepo wa uwanjani ukaingia na vumbi lake lote. Likatua mezani, kwenye sahani zilizong'arishwa, kwenye grisi iliyoachwa wazi, kwenye gololi zilizobaki. Hakuna aliyekwenda kufunika.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa daktari," mkewe akasema. "Na dumu tunalibeba."

"Tutalibeba."

"Mikono itarudi?"

"Sijui, mke wangu."

Gololi akamshika mkono. Ilibidi atazame chini, ndipo ajue kama ameushika.